Umefiwa na mama, na maua yanachanua

Dada, pole sana kwa kufiwa na mama. Unasema Pasaka inakaribia, bustani za huko Ujerumani zimejaa maua, kila mtu anakuambia uyatazame upate faraja, ila wewe huoni kitu. Usijilaumu. Ua halifufui mtu, na Isaya 40:8 inasema wazi kwamba ua hunyauka. Tumaini letu ni Kristo aliyefufuka.

Hata hivyo, siku moja chuchumaa karibu na tulipu, moja ya maua hayo ya bustanini. Tunguu lake, yaani kiini chake kinachofanana na kitunguu, limefukiwa udongoni tangu Oktoba hivi, na bila baridi ya wiki 12 au zaidi lisingechanua vizuri. Majira yaleyale ya baridi uliyoyaona ya kifo ndiyo yaliyoliandaa. Mimi hapo humsikia Yesu katika Yohana 12:24, akisema habari ya chembe ya ngano inayokufa kisha ikatoa mazao mengi. Alikuwa akisema juu ya kifo chake mwenyewe.

Machozi yakija, lia; Yesu naye alimlilia Lazaro. Oktoba ikifika, panda matunguu machache kwa kumkumbuka mama, sentimita 15 hivi kwenda chini. Na Jumapili ya Pasaka usikae peke yako, nenda ukaimbe na wenzako.