Nilisubiri gemu miaka mitatu, mlango ulipofunguliwa nikachelewa siku mbili

Mleta uzi anasema analisubiri gemu la mtandaoni, yale ya kuchagua mhusika na kuishi naye miezi au miaka, na kwamba halitauzwa popote isipokuwa kwenye duka la mtandaoni la kampuni yenyewe. Anatakiwa afungue akaunti, asakinishe programu ya duka, na atangulize hela kabla gemu halijatoka. Kompyuta ni ya kaka yake, intaneti ni ya bando. Anauliza aingie sasa au asubiri. Wakuu wengi mmemjibu kwa neno moja moja, "ingia" au "achana nayo". Mimi jambo hili nimelipitia mwanzo hadi mwisho, naomba nieleze kwa kirefu.

Mwaka 2011 nilikuwa Minneapolis, Marekani. Mchana chuo, usiku kazi ya ghalani. Gemu nililokuwa nalisubiri ni Star Wars: The Old Republic, linalotokana na zile filamu za vita vya angani. Watengenezaji wake BioWare, pamoja na LucasArts, kampuni ya magemu ya Star Wars, walilitangaza Oktoba 2008, na tangu siku ile nikawa na kazi moja ya ziada maishani, kulingoja. Lile la kwanza, Knights of the Old Republic la 2003, nilikuwa nimelimaliza mara tatu kwenye kompyuta ya binamu yangu Tanga, ile iliyokuwa inazimika ikipata joto. Sasa wanakuambia hadithi ile inaendelea, maelfu ya miaka kabla ya filamu, aina nane za wahusika na kila aina ina hadithi yake, halafu kila mtu unayekutana naye anaongea kwa sauti. Si maandishi, sauti. Guinness, wale wa rekodi za dunia, walikuja kuitambua kazi ile kwa mistari zaidi ya 200,000 iliyorekodiwa. Kwangu ilikuwa na maana ya pekee kwa sababu Kiingereza nilikijua kwa macho kuliko kwa masikio. Darasani mwalimu akizungumza haraka nilikuwa napotea. Niliamini gemu lile litanifundisha kusikiliza, na kweli lilinifundisha.

Basi Juni 2011 EA, kampuni inayoimiliki BioWare, wakafungua duka lao la mtandaoni, Origin. Tarehe 21 Julai wakaanza kupokea oda za mapema, wakasema nakala ya kupakua itauzwa Origin tu. Kelele zilizozuka zilikuwa hizihizi za uzi huu. Watu walishazoea Steam, duka jingine la magemu la mtandaoni, wana magemu yao yote huko, hawataki duka la pili kwenye mashine.

Hapo ndipo pa kutulia, mkuu, kwa sababu watu walichanganya mambo mawili na hata hapa naona yanachanganywa. Kuna duka ambalo ni mahali pa kununulia tu, na kuna duka ambalo programu yake lazima iwe imewashwa ndipo gemu lifunguke. The Old Republic lilikuwa la aina ya kwanza. Ukinunua Origin ulikuwa unapewa msimbo, unauingiza kwenye tovuti ya gemu lenyewe, unapakua gemu kutoka hukohuko, na lina programu yake ya kuliwashia. Tena boksi lenye diski liliuzwa madukani kwa dola 59.99 kama kawaida. Lakini Battlefield 3, gemu la vita la EA haohao, lililotoka Oktoba mwaka uleule, kwenye kompyuta halikuwaka bila Origin. Kampuni moja, duka moja, masharti mawili tofauti. Kwa hiyo kabla hujakasirika wala kufurahi, tafuta jibu la swali hilo kwa gemu lako wewe. Kama ni aina ya kwanza, kompyuta ya kaka yako haitabeba kitu cha kudumu. Kama ni ya pili, zungumza naye kwanza, umfungulie mtumiaji wake na wewe wako kwenye Windows, usiache akaunti yako ya malipo mahali wageni wa nyumbani wanapokaa.

Na masharti yasome. Najua ni marefu. Agosti 2011 watu walisoma masharti ya Origin wakakuta yanairuhusu kampuni kukusanya taarifa za programu nyingine zilizomo kwenye kompyuta yako. Malalamiko yakawa makubwa hadi maneno yale yakabadilishwa. Wangekaa kimya yangebaki.

Sasa nije kwenye kilichonipata. Wiki ya kwanza oda zilipofunguliwa nilikwenda dukani na mwenzangu wa chumba, kijana wa Mombasa. Tulitanguliza dola 5 kila mmoja, tukapewa karatasi yenye msimbo. Yeye akauingiza kwenye tovuti jioni ileile. Mimi nikaiweka karatasi kwenye mfuko wa koti, nikijua nimeshalipa na nafasi yangu ipo. Koti sikulivaa tena mpaka baridi iliporudi Oktoba, ndipo nikaikuta karatasi nikauingiza msimbo.

Gemu lilipangwa kutoka tarehe 20 Desemba, ila walioweka oda waliruhusiwa kuingia mapema kuanzia tarehe 13. Waliruhusiwa kwa makundi, na utaratibu wa makundi haukufuata siku uliyolipa. Ulifuata siku uliyouingiza msimbo. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa, mimi sikulisoma. Jumanne ile mwenzangu akapata barua pepe akaingia. Yangu ilikuja siku mbili baadaye. Mtu ambaye hakungoja ataona siku mbili si kitu. Mimi nilikuwa nimengoja miaka mitatu, na tulikuwa tumepanga kuanza pamoja, yeye askari, mimi mfanya magendo, maana wote wawili huanzia sayari moja, Ord Mantell. Nilikaa nyuma ya kiti chake nikitazama. Nilipoingia alikuwa ameshaondoka kwenye sayari ile. Alirudi kunisubiri, namshukuru mpaka leo, lakini hadithi alikuwa ameshaisikia.

Mkuu, ukipewa msimbo, uingize usiku huohuo. Usiuweke popote.

Kuhusu kadi. Boksi lilikuja na siku 30 ndani yake, baada ya hapo ada ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi. Lakini hata hizo siku 30 hukuweza kuzitumia mpaka uandikishe kadi ya benki au uingize kadi ya muda ya siku 60. Wengi walifika mlangoni na gemu limeshalipiwa, hawana kadi, wakabaki nje. Kwa sisi wa huku ni rahisi zaidi kuliko zamani. Kenya kuna kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay tangu 2022, na Tanzania nako unaweza kupata kadi ya mtandaoni kupitia simu. Ijaribu kadi yako mapema kwa kitu kidogo kwenye duka hilohilo, na kama gemu lina ada ya kila mwezi hakikisha hela inakaa kwenye kadi siku ya kukatwa.

Kitu cha pili kilichoniumiza ni barua pepe. Akaunti niliifungua kwa anwani ya chuo. Nilimaliza chuo, anwani ikafungwa, sikujali kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa inakumbuka kila kitu. Julai 2020 gemu likaingia Steam, na mimi nikiwa nimesharudi Dar na kompyuta nyingine. Nikajaribu kuingia, mfumo ukanitumia namba ya kuthibitisha kwenye anwani ambayo haipo tena. Mfanya magendo wangu wa miaka tisa yuko ndani, mimi niko nje. Kilichoniokoa ni kwamba boksi la 2011 nilikuwa nimerudi nalo nyumbani, na msimbo wake ulikuwa bado ndani. Niliutumia kuthibitisha kwamba akaunti ni yangu. Kwa hiyo fungua akaunti kwa anwani yako binafsi, isiwe ya shule, ya ofisi wala ya kaka. Stakabadhi ya malipo piga picha uihifadhi nje ya duka lenyewe.

Nasisitiza hilo kwa sababu gemu na duka haviishi umri mmoja. LucasArts ilifungwa 2013, baada ya Disney kuinunua Lucasfilm, kampuni mama yake. BioWare walilikabidhi gemu kwa kampuni nyingine, Broadsword, 2023. Origin, lile duka lililotugombanisha wote, lilizimwa Aprili 2025, nafasi yake ikachukuliwa na programu nyingine ya EA. Gemu bado lipo, watu wanacheza usiku huu. Duka unalolalamikia leo huenda likaondoka kabla ya mhusika wako.

Sasa swali lako kubwa, ulipe mapema au usubiri. Ada ile ya lazima haikumaliza hata mwaka. Tarehe 15 Novemba 2012 gemu likawa la bure kwa anayetaka, na leo unaweza kuingia bila shilingi. Aliyesubiri miezi kumi na moja aliokoa hela nyingi. Sijutii yangu, kwa sababu usiku ule Ord Mantell ilijaa watu ambao wote walikuwa hawajui njia, kila mmoja anamwuliza mwenzake, na hali hiyo huikuti tena ukija baadaye. Maoni yangu: kama una rafiki mmoja au wawili mnaoingia usiku mmoja, na hela hiyo si ya ada ya shule wala chakula, lipa. Kama unaingia peke yako, subiri miezi mitatu. Foleni za seva zitakuwa zimeisha, makosa ya mwanzo yatakuwa yamerekebishwa, na utakuwa umeshajua kama kompyuta ya kaka inalimudu.

Bando lisikutishe. Magemu haya ni makumi ya GB, lakini si lazima kila mtu apakue. Mwenzangu alipakua mara moja, tukanakili folda nzima kwenye diski ya nje, mimi nikaliwasha kwangu, programu ikakagua mafaili na kushusha yale machache yaliyopungua. Tafuta mtu mwenye faiba, nenda na diski. Acha bando lako kwa masasisho, yanakuja kila mara.

Na wakati unasubiri, kama hujawahi kucheza gemu la aina hii, lijaribu hilohilo la kwangu kwa sababu ni bure. Kutoka Dar natumia seva ya Ulaya ya Kiingereza, Darth Malgus. Kuna kuchelewa kidogo ukibonyeza, ila kwa hadithi hakusumbui. Niko humo Jumamosi usiku baada ya saa tatu. Niandikie ujumbe hapa kwanza, nitakuja Ord Mantell nikusubiri.