Kabla ya kuibebesha PON fronthauli, hesabu mikrosekunde

Msomaji ameuliza: XGS-PON yake (mtandao wa faiba ambao vituo vingi hugawana uzi mmoja kwa splita) ina gigabiti 10 kwa sekunde kila upande, minara 4 iko ndani ya kilomita 10, sasa kwa nini isibebe fronthauli, yaani kiungo kati ya redio ya mnarani na bezibendi, mtambo unaochakata mawimbi yake? Ibebe, ila aache kwanza gigabiti. Kinachoua ni mikrosekunde.

Kati ya redio ya mnarani na bezibendi, bajeti ya kawaida ni mikrosekunde 100 kwa upande mmoja. Mwanga hula 5 kwa kila kilomita, kwa hiyo 50 zimekwenda kwenye faiba tupu. Kushuka kwenda mnarani hakuna shida. Balaa liko kupanda: ombi la zamu kutoka ONU (kifaa cha PON cha mnarani) kwenda OLT (kifaa kikuu cha kituoni) husafiri 50, ruhusa hurudi 50, data hupanda 50. Tayari 150, na hapo hujahesabu kusubiri fremu (mzunguko mmoja wa zamu), ambayo ni 125. Zima DBA ya kuomba, yaani ugawaji wa zamu kwa maombi. Toa nafasi za kudumu, uzigawe mara 4 ndani ya fremu ili kusubiri kusizidi takriban 31. Utapoteza uwezo kwenye mapengo kati ya milipuko ya data ya ONU. Kubali hasara hiyo. Kama vifaa vina CTI ya O-RAN Alliance, kiolesura cha bezibendi kuongea na OLT, afadhali zaidi: bezibendi ndiyo inayoipangia simu zamu (kwenye LTE ya FDD, yenye masafa tofauti ya kupanda na kushuka, milisekunde 4 kabla), basi na iiarifu OLT mapema.

Watu husahau dirisha la kimya. OLT ikitafuta ONU mpya, wote hunyamaza, na kwa tofauti ya umbali ya km 20 ukimya hufika takriban mikrosekunde 250. Redio haisubiri hivyo. Minara ikiwa kati ya km 4 na 6, weka tofauti ya km 2 kwenye OLT. Muda wa kwenda na kurudi, uliokuwa 200 kwa km 20, unashuka hadi 20.

Splita ya 1:4 na km 3 hupoteza takriban dB 9 tu, ilhali daraja la N1 la upotevu wa mwanga linataka angalau 14. Kipokezi kitalewa mwanga. Ongeza atenueta (kipunguza mwanga) ya dB 7.

PTP, ujumbe wa kulinganisha saa, usiipitishe kama data ya kawaida. Ikichukua mikrosekunde 60 kushuka na 200 kupanda, saa inakosea nusu ya tofauti: 70, wakati TDD, ambapo kupanda na kushuka hupokezana masafa yaleyale, huvumilia 1.5. Muda utolewe na OLT, ONU iwe saa ya mnara.

Na CPRI, fronthauli ya zamani ya mkondo usiopungua, 2.4576 Gb/s kwa antena 2 za MHz 20 hata usiku simu zikilala? Ipe rangi yake ya mwanga.