Maswali na Majibu: Hesabu Miguu Kabla Hujasema Joka

Safari hii barua nyingi zinahusu wanyama wa kwenye nembo, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja. Naanza nalo nilimalize.

*Mbele ya basi la Scania nililopanda kwenda Mbeya kuna joka lenye taji. Ni alama ya Frimasoni?*

Si joka, wala si Frimasoni. Tazama mdomo ulivyopinda. Huyo ni grifini: kichwa na mabawa ya tai, mwili wa simba. Scania ni jina la Kilatini la Skåne, jimbo la kusini mwa Uswidi, na kichwa cha grifini kimo kwenye nembo ya jimbo hilo tangu 1660. Mji wa Malmö, ulio humo humo, ulipewa chake 1437. Kampuni imebeba nembo ya kwao, basi. Hii ni mara ya tatu nalijibu swali hili. Ukitaka cha kuogopa kwenye basi la usiku, mwogope dereva asiyelala siku mbili.

*Joka lina miguu mingapi?*

Inategemea uko kwa nani. Wachora nembo wa Uingereza, tangu karne ya 16, wanasema mwenye miguu minne ni dragoni, mwenye miwili na mabawa ni waiveni, jina lililotokana na vipera, neno la Kilatini la nyoka. Bara Ulaya hawakuushika sana utaratibu huo. Sisi tuna tabu yetu: joka ni nyoka tuliyemkuza kwa ulimi tu, kwa hiyo msomaji akilisikia anaona chatu, halafu ananiandikia kuuliza miguu imetoka wapi.

*Mwalimu wetu wa kwaya anasema joka jekundu la bendera ya Wales ndilo lile la Ufunuo 12. Ni kweli?*

Mwambie ahesabu vichwa. La Ufunuo lina saba, na pembe kumi. La Wales lina kimoja.

Kisa chake kimo katika Historia Brittonum, kitabu cha Kilatini cha karne ya 9. Mfalme Vortigern alitaka kujenga ngome, lakini kila vifaa vikikusanywa, usiku vinatoweka. Waganga wake wakamshauri amtafute mtoto asiye na baba, amchinje, damu inyunyizwe mahali pa ujenzi. (Mmeshawahi kuusikia ushauri wa namna hii, na si Wales.) Mtoto alipoletwa akawaumbua: chimbeni, chini kuna maji. Wakachimba, wakakuta majoka mawili, jekundu na jeupe, yakapigana. Jekundu lilizidiwa, mwisho likalifukuza jeupe. Jekundu ni Wabritoni, wazee wa watu wa Wales; jeupe ni Wasaksoni, wazee wa Waingereza. Henry Tudor, wa ukoo wa Wales aliyetwaa ufalme wa England, alilibeba kwenye bendera yake vitani Bosworth 1485, na bendera ya leo ikawa rasmi 1959. Kwa watu wa Wales joka hili ni mtetezi. Mwalimu arudi kwenye noti zake.

*Mbona halimo kwenye bendera ya Uingereza?*

Bendera ya muungano wa England na Scotland ilipochorwa 1606, Wales ilikwishamezwa na England kisheria, kwa hiyo haikupewa nafasi yake.

*Kuna bwana ananiuzia jino la joka, anasema lina miaka elfu. Majoka yalikuwepo kweli?*

Karibu na Klagenfurt, Austria, mwaka 1335 lilipatikana fuvu kubwa ajabu. Mji ule ulikuwa na hadithi ya joka la kinamasini, lililonaswa kwa fahali aliyefungwa kwenye mnyororo wenye ndoana, kama samaki. Watu wakasema fuvu ndilo lake. Mchongaji alipotengeneza sanamu ya joka la mjini, miaka ya 1590 hivi, kichwa alikiiga kutoka kwenye fuvu hilo, na sanamu ipo mpaka leo. Mwaka 1840 mtaalamu Franz Unger akalitazama upya: kifaru mwenye manyoya, wa zama za barafu.

Kwa hiyo huyo bwana muulize jino ni la ng'ombe, la kiboko au la kifaru. Akisema la ng'ombe, anakuibia. La kiboko au la kifaru ni nyara ya serikali, na mtalala ndani wote wawili.