Pedali ya freni inazama nikishuka Ngomo

Swali: Jambo fundi. Niko na jeep ndogo ya Toyota, otomatiki, usukani wa kuume. Kila mwezi ninashuka nayo Uvira na mzigo. Hapa mjini Bukavu freni ni nzuri. Lakini mara mbili sasa, nikikaribia kumaliza mteremko wa Ngomo, pedali inazama karibu iguse chini. Nikisimama nusu saa inarudi ngumu kama kawaida. Garaji walibadilisha plakete (pedi za freni) za mbele, tatizo likarudi. Sasa wanataka ninunue pampu kubwa ya freni, ile inayosukuma mafuta ya freni ukikanyaga pedali. Ni kweli? (Mama wa Muhungu)

Jibu: Jambo sana, mama. Usinunue pampu kwanza. Hiyo nusu saa uliyoitaja ndiyo iliyonionyesha ugonjwa: pampu iliyochakaa haiponi kwa kupumzika. Kilichopona ni mafuta ya freni. Yalichemka.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata gari likiwa limelala. Aina yake iitwayo DOT 3, ikiwa mpya, haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishaingiwa maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Aina ya DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, kisha 155. Sasa angalia safari yako: Bukavu iko mita kama 1,500 juu ya bahari, Uvira 770 hivi. Uzito wote wa gari na mzigo ukizuiliwa kwa mguu tu, diski zinawaka, moto unapita kwenye plakete mpaka ndani ya mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu wako unakandamiza mapovu badala ya plakete. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inapanda. Kama pedali ingebaki ngumu na gari likakataa kusimama, hapo ningeshuku plakete.

Ili uwe na hakika juu ya pampu: asubuhi, gari baridi, mahali tambarare, washa mota, kanyaga freni kwa nguvu ileile na uhesabu hadi thelathini. Ikiendelea kuzama taratibu bila mafuta kuvuja popote, pampu inapitisha mafuta kwa ndani. Ikikaa palepale, pampu ni nzima, dola zako zibaki mfukoni.

Halafu fungua chupa ya mafuta ya freni chini ya boneti. Mafuta mapya yana rangi ya asali nyepesi. Nimefungua magari mengi hapa mjini nikakuta kitu cheusi kama kahawa, na mwenyewe anasema huwa anaongeza tu. Kuongeza hakuondoi maji. Badilisha yote, kila miaka miwili, na wewe unayeshuka Ngomo kila mwezi ungeweka DOT 4. Nunua kopo ambalo halijafunguliwa. Lile la kupimiwa sokoni limeshakunywa hewa. Usikubali kamwe mafuta ya mota yaingie humo, yanavimbisha mipira yote.

Kazi yenyewe inataka watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine analegeza skrubu za kutolea hewa gurudumu moja baada ya jingine, mpira mwembamba ukiwa umezama ndani ya chupa yenye mafuta. Chupa ya juu isikauke hata mara moja. Yakidondokea rangi, mwagia maji upesi. Pedali ikibaki laini baada ya hapo, gari lisitoke, itafute hewa iliyobaki.

Lakini mafuta mapya pekee hayatakuokoa kama unashuka na D (gia ya kawaida) huku mguu uko juu ya freni. Weka 2 au L, gia za chini, kabla mteremko haujaanza, mota ikuzuie. Freni ikanyage kwa nguvu, iachilie, ipumue, kisha tena. Wapo madereva wanaoweka N (bila gia) ili kuokoa mafuta ya tanki, na hili linanisikitisha sana: kwenye magari ambayo kompyuta ndiyo inayopima mafuta ya kuingia motani, ukishuka na gia mota hukatiwa mafuta hayo kabisa, ukiweka N inaendelea kunywa.

Pedali ikizama tena njiani, ikanyage na kuiachilia haraka haraka, shusha gia, vuta freni ya mkono taratibu. Yenyewe inavutwa kwa waya, haitegemei mafuta. Ukishasimama, weka jiwe chini ya gurudumu na usimwagie diski maji, zinaweza kupasuka.