Barua kwa mwanangu: Mwalimu wa farasi anayefoka

Assalaam alaykum mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema mwalimu wa farasi hapo Nungwi hakupi nafasi ya kupumua: visigino, mikono, macho, kila hatua anafoka, na juzi kakwambia mbele ya wageni kuwa umekaa kwenye tandiko kama gunia la karafuu. Unaniuliza ustahamili mpaka upate ile kazi ya kuongoza wageni pwani, au uache. Mimi nasema usiache bado, lakini kustahamili peke yake hakutakusaidia kitu. Kuna kazi ya kufanya kwanza.

Anza na daftari. Jioni ukishamaliza shughuli za bandani, andika kila alichokufokea siku ile, neno kwa neno. Halafu tazama neno lenyewe linataja nini. "Visigino chini!" linataja kiungo. "Mwachie mdomo!" linamtaja farasi. "Huna akili" linakutaja wewe. Mawili ya mwanzo ni somo hata yakija kwa ukali. La tatu halikufundishi chochote, na hilo ndilo la kwenda kulizungumza naye. Nadhani utakuta mengi ni ya mwanzo. Farasi akienda matiti, yaani mwendo wa kurukaruka kati ya kutembea na shoti, hatua moja haifiki sekunde, kwa hiyo mwalimu akikupangia sentensi nzima ya adabu, kosa limeshapita na jingine limeingia. Tena kusi ikivuma pale ufukweni, sauti ya kawaida haimfikii mtu aliye mbali kidogo. Simtetei, gunia la karafuu halikuletwa na upepo.

Sasa hivyo visigino, maana naona ndipo anapokukamia. Mwanafunzi akisikia "chini" hukisukuma kisigino kwa nguvu. Mguu unakakamaa, goti linabana tandiko, na goti likishabana kiwiliwili kinalala mbele, mguu wa chini unarudi nyuma, kisigino kinapanda tena. Ndiyo maana anarudia neno lile lile na wewe unaona umeshatii. Legeza paja na goti, uzito uteremke wenyewe mpaka kwenye kifundo, na kisigino kitashuka bila kusukumwa. Kikuku, kile chuma cha kukanyagia, kikae chini ya sehemu pana ya wayo, nyuma kidogo ya vidole. Mtu akikutazama ubavuni, sikio, bega, nyonga na kisigino viwe mstari mmoja. Mwombe mwenzio akupige video kwa simu kutoka ubavuni. Simu haina hasira na wewe, na utaona mwenyewe kama mwalimu anasema kweli.

Lakini kabla hujajilaumu, pima vikuku. Simama chini kando ya farasi, ncha za vidole ziguse pale ukanda wa kikuku unapoanzia kwenye tandiko, halafu uvute ukanda kufuata mkono wako: chuma kifike kwapani. Kikiwa kirefu mno utakitafuta kwa vidole vya miguu na kisigino kitapanda tu, afoke asifoke. Kikiwa kifupi mno goti linapanda na makalio yanasukumwa nyuma ya tandiko. Matandiko ya wageni hubadilishwa urefu kila siku, na ukanda wa kushoto hurefuka kuliko wa kulia kwa sababu kila mtu hupandia upande huo. Kuhesabu matundu kutakudanganya. Vikuku vinaweza kuwa kwenye tundu moja na visilingane. Kaa juu, toa miguu yote miwili, mwambie mwenzio asimame mbele atazame vinaning'inia sawa.

Mikono nayo anayo haki kuisemea. Lijamu, chuma cha mdomoni mwa farasi, hukaa juu ya ulimi na kwenye ufizi pasipo na meno, pana ngozi nyembamba juu ya mfupa. Ukijishikilia kwa hatamu ili usianguke, unaning'inia kwenye mfupa wa mnyama, naye atainua kichwa au atavuta hatamu zikutoke. Ukihisi unayumba, shika singa, yale manyoya ya shingoni, au sehemu ya mbele ya tandiko. Hakuna aibu hapo.

Na farasi hafahamu matusi, anafahamu mapaja yako. Ukifokewa unazuia pumzi, mabega yanapanda, miguu inabana. Farasi anaona umembana, basi anaongeza mwendo au anakaza mgongo. Mwalimu anaona farasi kaharibika, anaongeza sauti, na wewe unazidi kubana. Mzunguko huo ukatie kwenye pumzi. Ukisikia sauti yake, kwanza toa pumzi kwa mdomo, legeza taya, kisha jibu kwa sauti: "Ndiyo mwalimu!" Huwezi kusema huku umezuia pumzi, na yeye akijua umesikia hana haja ya kurudia. Ndipo urekebishe jambo moja, moja tu. Kwenye matiti unainuka na kukaa kufuata mapigo ya farasi; hesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili. Ukiwa kwenye duara, inuka wakati bega la nje la farasi linakwenda mbele. Akisema umekosea mguu, yaani unainuka na bega la ndani, usibabaike: kaa mipigo miwili mfululizo, inuka tena, utakuwa umeshabadilisha.

Punguza pia sababu za kufokewa. Fika mapema, safisha kwato kutoka kisigino kuelekea mbele, bila kuichokonoa ile sehemu laini ya pembetatu katikati. Papasa mgongo kwa kiganja kabla ya kutandika, kwa sababu mchanga wa pwani ukikaa chini ya kitambaa cha tandiko unachubua ngozi kwa safari moja tu. Mshipi wa tumbo uukaze kidogo kidogo, uutazame tena kabla ya kupanda, na tena baada ya dakika tano au kumi za mwendo wa pole. Farasi wengi hujaza tumbo unapowafunga, kisha hulegeza, na tandiko linapinduka ubavuni nawe ukiwa juu. Jua pia maji yakoje siku hiyo bila kusubiri kuulizwa. Kupwa na kujaa husogea karibu dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huja juu sana, ufukwe unabaki mwembamba au unatoweka kabisa. Shoti, yaani kukimbiza farasi, ni kwenye mchanga uliolowa na kushikamana tu; kwenye mchanga mkavu miguu inazama na kano zinaumia. Na pale Nungwi kamba za nanga hulala mchangani maji yakipwa. Mwalimu akikupigia kelele kwa ajili ya kamba au mchanga mkavu, mshukuru.

Mavazi usiyapuuze. Mtandio uwe wa kuvaa kichwani kama fulana, usio na pini, kwa sababu pini chini ya helmeti ukianguka inaingia kichwani. Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, na ukitikisa kichwa isicheze. Viatu viwe na kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku. Baibui uliache bandani, linanasa kwenye tandiko wakati wa kushuka. Suruali na kanzu fupi inayofika magotini vinatosha kukusitiri.

Kuzungumza naye sasa. Si uwanjani, wala mbele ya wageni, wala yeye akiwa bado jasho linamtoka. Ngoja farasi aoshwe miguu kwa maji baridi na anyweshwe, kisha mwendee. "Shikamoo mwalimu. Naomba dakika mbili. Ukinitajia kosa moja kwa wakati nalishika, yakija manne nayapoteza yote. Kesho naomba tushughulikie mikono tu." Nyamaza, mwache ajibu. Likiwa la matusi, liseme peke yake na lisizidi sentensi moja: "Makosa yangu nikosoe kwa sauti yoyote, lakini lile neno la gunia mbele ya wageni halikunipendeza." Usilete orodha ya tangu siku ya kwanza, hata kama unayo daftarini. Mtu mkali ukimfungulia kesi nzima atajitetea, na ombi lako litapotea humo humo.

Muombe pia masomo mawili au matatu ya kamba ndefu: yeye anasimama katikati ameshika farasi, farasi anazunguka, wewe huna hatamu mkononi. Dakika 20 zinatosha, na mbadilishe upande kila baada ya muda ili miguu ya farasi isielemewe. Hapo hana la kusema kuhusu mikono, wewe unajifunza kukaa, na mara nyingi sauti yenyewe hushuka kwa sababu farasi yuko mkononi mwake. Woga wa walimu ndio unaopiga kelele, mwanangu, kuliko unavyodhani. Farasi ana kilo 400 na ushei, na ukivunjika shingo ni yeye atakayeulizwa.

Ila kuna mambo hayazungumzwi, unashuka tu. Akikwambia upande bila helmeti. Akikurudisha juu ya farasi aliyekuangusha bila kwanza kutazama tandiko, mshipi na mgongo. Ukimwambia unaumwa na akakataa usimame. Akimpiga farasi usoni kwa hasira. Na kugusa: mwalimu mwenye adabu husema kwanza, "Nakurekebisha mguu," na mkono wake unaishia kwenye kifundo au shavu la mguu. Mkono ukipanda juu ya hapo, somo limekwisha. Usibishane ukiwa juu ya farasi. Simamisha, toa miguu yote miwili kwenye vikuku, inama mbele, pitisha mguu, telemka, mkabidhi hatamu, nenda. Uniambie siku hiyo hiyo.

Ukianguka na kichwa kikagonga chini, hupandi tena siku hiyo hata akikuita mwoga. Ukiona kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida au kichwa kinazidi kuuma, usisubiri asubuhi; mtu akupeleke hospitali ya Kivunge. Helmeti iliyogonga ibadilishwe, hata ikionekana nzima, kwani povu la ndani limeshabonyea.

Baada ya mazungumzo mpe masomo sita. Daftari litakwambia. Kama maneno ya kukutaja wewe yamepungua, baki naye, kwa sababu mwalimu anayeona kila kisigino hapatikani kirahisi hapa kisiwani. Kama hayakupungua, tafuta banda jingine, na ndiyo maana nakwambia usimlipe ada ya miezi kwa mkupuo. Lipa somo kwa somo. Na akikuuliza kwa nini unaondoka, mwambie sababu, kwa ufupi, bila kuwatia wenzio wa bandani katika maneno.

Nitumie ile video ya farasi akienda matiti, upande wa kushoto na wa kulia, na nipige picha vikuku vikiwa vinaning'inia.

Mamaako