Kilo za mama na mwili wa mtoto: kwa wanaoanza kazi ya vipimo Mtwara

Ninyi mnaoanza kazi ya kupima wajawazito na watoto katika wilaya zetu, kuanzia pwani ya Mikindani hadi juu Newala, mtaulizwa mara nyingi kama mama anayeongezeka sana uzito akiwa mjamzito huzaa mtoto atakayekuja kuwa mnene. Uhusiano upo, lakini anayetaka kuuona ni lazima kwanza ajue kilo alizoandika ni kilo za nini, na za wiki ipi. Mimi nilianza bila kujua.

Mwaka wangu wa kwanza nilikusanya kadi za kliniki za kituo kimoja, nikachukua uzito wa hudhurio la mwisho, nikatoa ule wa hudhurio la kwanza, na kilichobaki nikakiita uzito ulioongezeka. Mama mmoja alionekana ameongezeka kilo 4 tu, nikamwingiza kwenye kundi la waliopungukiwa, kumbe kadi yake ilifunguliwa wiki ya 26, ilhali mwenzake wa kilo 9 alikuwa ameanza wiki ya 10. Sikuwa nimepima ongezeko la uzito. Nilikuwa nimepima kuchelewa kufika kliniki. Tangu siku hiyo siandiki uzito wowote bila kuandika umri wa mimba pembeni yake, na ninagawa ongezeko kwa idadi ya wiki, kwa kuwa hata anayejifungua kabla ya wakati huonekana ameongezeka kidogo kwa sababu tu mimba yake ilikuwa fupi.

Kuchelewa huku kunaumiza zaidi kwa sababu wiki za mwanzo ndizo zenye habari. Katika utafiti mkubwa wa Bristol, Uingereza, uliofuatilia watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, uzito ambao mama aliongezeka katika wiki 14 za mwanzo ulihusiana na mafuta ya mtoto alipofika miaka 9, na baada ya wiki hizo uhusiano ulionekana tu kwa akina mama walioongezeka zaidi ya gramu 500 kwa wiki. Mwanzoni mtoto aliye tumboni bado ni wa gramu chache, hivyo kinachoongezeka kwa mama kwa sehemu kubwa ni akiba yake mwenyewe ya mafuta. Mwishoni mambo huchanganyika: katika kilo 12 hivi za mimba iliyotimia, mtoto huchukua zaidi ya 3, na zinazobaki hugawanywa kati ya kondo la nyuma, maji ya chupa ya uzazi, mfuko wa uzazi, matiti, damu iliyoongezeka, maji ya mwilini na mafuta. Mama aliyevimba miguu anaweza kuongeza kilo 2 kwa wiki moja bila gramu moja ya mafuta, naye anahitaji kupimwa shinikizo la damu upesi, si kupewa ushauri wa chakula.

Mtakutana pia na viwango vya Marekani vya mwaka 2009 vya uzito unaofaa kuongezeka katika mimba nzima: kilo 12.5 hadi 18 kwa mama mwembamba, 11.5 hadi 16 kwa mwenye uzito wa kawaida, 7 hadi 11.5 kwa mwenye uzito uliozidi, na 5 hadi 9 kwa mnene. Vinasaidia, ila haviwezi kutumika bila uzito wa kabla ya mimba, ambao ndio unaohusiana na mafuta ya mtoto kwa nguvu kuliko ongezeko lenyewe, na huku kwetu ni wachache wanaoujua. Anayekuja amechelewa mpimeni kwa utepe mzingo wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, kwa sababu hubadilika kidogo tu katika mimba. Ukiwa chini ya sentimita 23, huenda mama huyo alikuwa na upungufu wa lishe tangu mwanzo, hata kama tumbo limeficha.

Kuhusu mzani sitasema mengi, kwa kuwa yeyote aliyewahi kuuza korosho kwa kangomba, kile kipimo cha mtaani kisicho rasmi, anajua hasara ya kipimo kisichoaminika. Uwekeni juu ya saruji, ujaribuni kila asubuhi kwa jiwe la kilo 10, na mwombeni mama kwa adabu afungue pindo la kanga, maana humo hukaa simu, funguo na sarafu.

Kwa mtoto kosa ni lilelile kwa sura nyingine. Uzito wake kwa urefu hautenganishi mafuta na misuli. Huko Pune, India, watoto wachanga wa wastani wa kilo 2.7 walilinganishwa na wa Uingereza wa kilo 3.5, wakaonekana wepesi na wenye misuli michache, lakini mafuta ya chini ya ngozi mgongoni hayakuwa yamepungua kwa kiasi kama hicho. Basi pimeni mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono wa juu na chini ya mfupa wa bega mgongoni, mara mbili kila mahali, na msiziamini mno mashine zinazopitisha umeme hafifu mwilini, kwani zinakadiria mafuta kutokana na maji ya mwili kwa hesabu zilizotengenezwa kwa watoto wa kwingine.

Msikimbilie kusema kwamba kilo za mama ndizo zilizosababisha. Mama na mtoto wanashiriki vinasaba, na wanakula chungu kimoja. Njia nzuri ya kupunguza utata huo ni kulinganisha ndugu wa tumbo moja ambao mama aliongezeka uzito tofauti katika mimba zao, na tafiti nyingi zilizofanya hivyo ziliukuta uhusiano umepungua. Hapa kuna tatizo ambalo hakuna aliyenionya: mimba ya pili hupewa kadi mpya, na mwanamke aliyeandikishwa kwa jina la baba yake mara ya kwanza huja safari hii kama Mama Fulani. Mwulizeni, kabla hajaketi, kama kadi ya mtoto wa kwanza bado ipo nyumbani, na namba yake muinakili kwenye ukurasa wa mimba hii.