Maswali na Majibu: Harufu ya Chakula na Shaka ya Vipimo

Swali: Sampuli ni ile ile, mashine ni ile ile, mbona majibu ya harufu hayafanani?

Kinachopimwa mara nyingi si chakula chenyewe, bali hewa iliyo juu yake ndani ya kichupa, na hewa hiyo haina utulivu. Joto likipanda kidogo tu, molekuli nyingi zaidi zinapaa. Ukichelewa kufunga kizibo, nyingine zimeshakimbia. Hata mpira wa kizibo hunyonya baadhi yake. Kabla hujaishuku mashine, kagua kichupa.

Swali: Shaka (yaani kiasi ambacho jibu linaweza kupishana na ukweli) ikitoka sehemu kadhaa, najumlisha tu asilimia zake?

La. Kama vyanzo havitegemeani, jumlisha miraba yake, kisha utafute kipeuo cha pili. Tuseme uchukuaji wa sampuli una shaka ya asilimia 12, ugezi wa mashine (kuilinganisha na kiasi kinachojulikana) 4, na uingizaji wa gesi kwenye kromatografia (kifaa kinachotenganisha kemikali za harufu) 3. 144 + 16 + 9 ni 169. Kipeuo chake cha pili ni 13. Sasa nunua mashine ya bei mbaya inayoifuta kabisa ile 3: unabaki na 12.6. Pesa imekwenda, shaka iko palepale! Shughulika na ile 12 kwanza. (Ila usikimbilie kusaga kila kitu ili kilingane, maana chakula kilichosagwa huachia harufu kwa kasi nyingine.) Kwenye ripoti, kwa kawaida 13 huzidishwa kwa 2 ili kufikia uhakika wa takriban asilimia 95. Andika wazi kwamba umezidisha.

Swali: Nirudie kipimo mara ngapi?

Mara 4 hupunguza shaka ya wastani kwa nusu. Nusu nyingine inadai mara 16. Kosa linaloegemea upande mmoja halipungui hata ukirudia mwaka mzima.

Swali: Ugezi nilifanya kwa maji, sampuli ina mafuta mengi. Kuna ubaya?

Mkubwa. Harufu zinazopenda mafuta hung'ang'ania humo, hewani zinatoka chache, nawe utaripoti pungufu ya kilichomo. Dawa nzuri ni kutia kiasi kinachojulikana cha kemikali ile ile yenye isotopi nzito (atomi za aina ile ile ila zenye uzito zaidi), kisha kuipa muda ienee kwenye sampuli. Ukiipima haraka, bado iko juujuu na itakudanganya.

Swali: Je, tukipima pumzi za puani kwa watu wanaotafuna?

Mate, kasi ya kutafuna na namna ya kumeza hutofautiana sana, mara nyingi kuliko mashine inavyoyumba. Hiyo si hitilafu ya kipimo. Iripotiwe peke yake.